Upande Ilikotokea Bajaji

Mama yangu alihamia kwangu Mbagala eda yake ilipokwisha. Alikuja na masanduku mawili ya nguo, mswala wake, birika la kahawa analolipenda kuliko wajukuu, na sharti moja: chumba chake kiwe na meza ya kioo. Hakutaka kioo cha kutundika ukutani. Alitaka meza kamili, yenye droo pande zote mbili na kistuli chake, kama ile aliyoolewa nayo na ambayo mchwa waliitafuna mpaka ikabaki kioo peke yake.

"Sitaki ya dukani," alisema. "Zile za dukani ukizimwagia chai zinavimba kama maandazi. Twende Keko, kwa mafundi seremala."

Kwa hiyo tulikwenda Keko, Jumamosi moja asubuhi, mimi na yeye.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana bila hilo kisa hiki hakina uzito. Mimi ni mwanafizikia, na tena wa nadharia. Nafundisha chuo kikuu, na kazi yangu yenyewe, ile ninayoifanya nisipofundisha, ni milinganyo kuhusu mwanga unavyopinda ukipita karibu na vitu vizito mno huko angani. Nyota unayoiona pale inawezekana haipo pale. Mwanga wake umekunjwa njiani na sisi tunaonyeshwa mahali isipokuwepo. Kazi yetu ni kukokotoa kinyumenyume: kutoka kwenye kile kinachoonekana mpaka kwenye kile kilichopo.

Mtaani watu hawaelewi hivyo, na siwalaumu. Wakisikia nina udaktari wa fizikia huniletea pasi zilizoungua na redio zilizonyamaza. Jirani yangu mmoja alinibishia hodi na feni ya dari mkononi. Nilipomwambia kwamba mimi kazi yangu ni chaki na karatasi, kwamba hata balbu kwangu hubadilisha mume wangu, aliniangalia kwa huruma kabisa. Lakini heshima hawakuacha kunipa. Mtaani kwetu "dokta" ni dokta, na akisema jambo, limesemwa. Nami, niseme ukweli, nilikuwa nimeizoea heshima hiyo kama mtu anavyozoea kiti chake.

Fundi tuliyemwendea alikuwa amependekezwa na shoga wa mama. Mtu mfupi, mpole, nywele zimejaa vumbi la mbao mpaka ungedhani mvi. Alikuwa na meza moja imekamilika, ya mninga, akaitoa nje yeye na msaidizi wake ili tuione kwenye mwanga. Waliiegemeza kwenye ukuta wa karakana. Mama akakaa kwenye kistuli, akajitazama, akageuza shingo huku na huku, akarekebisha mtandio wake, kisha akaniamuru nikae mie ili yeye ainame akague droo na fundi.

"Hii inakwama," nilimsikia akisema.

"Haikwami mama, ni mpya tu. Itazoea."

"Droo haizoei. Watu ndio wanaozoea."

Basi nikakaa pale kwenye kistuli nikiwaacha wabishane. Barabara ya Keko asubuhi ya Jumamosi ina mambo ya kutosha kumshughulisha mtu. Niliona makochi yanapita yamepandishwa juu ya kigari cha mizigo, Kirikuu, miguu hewani. Nikaona mzee mmoja anatoka karakana ya jirani akisukuma mkokoteni uliobeba kabati la nguo limesimama wima, refu kumpita yeye. Nikaona bajaji inakuja. Niliiona vizuri, ya bluu, ikinyoosha pembezoni mwa barabara upande wetu. Nikajua, sekunde moja kabla, kwamba hawa wawili hawajaonana.

Kishindo cha kugongana kilimfanya mama aangushe droo.

Nilisimama, nikageuka, nikakimbia na wengine. Kabati lilikuwa chini, mlango umepasuka katikati. Mzee wa mkokoteni amekaa kwenye vumbi ameshika kiwiko, anamtaja Mungu kwa sauti ndogo. Bajaji ilikuwa imezunguka ikasimama kukingama barabara, kioo cha mbele kimefanya utando wa nyufa. Haikuwa na abiria. Dereva wake, kijana wa kama miaka thelathini hivi, alishuka, akaenda moja kwa moja kwa yule mzee.

"Baba, umeumia? Baba, samahani. Sijakuona kabisa."

Mzee alikuwa amechubuka tu. Watu walipoona hakuna mfupa uliovunjika wakaanza ile kazi nyingine, ya kutafuta mwenye kosa. Na hapo ndipo palipokuwa na utata. Upande wetu wa barabara, magari halali hutokea mkono wa kulia wa mtu aliyesimama mbele ya karakana akiitazama barabara, upande wa msikiti. Lakini baadhi ya madereva wa bajaji, wakitaka kukwepa foleni, huja kinyume, pembezoni kabisa, wakitokea kushoto kwenye kituo cha mafuta. Kama bajaji ile ilitokea msikitini, ilikuwa njia yake na mzee ndiye aliyejitumbukiza barabarani. Kama ilitokea kituo cha mafuta, dereva hana la kujitetea.

Vijana wa karakana ya jirani walikuwa tayari wameshaamua. "Kinyume! Amekuja kinyume huyu! Kila siku ndiyo zao!"

"Jamani, mie nimetokea msikitini," alisema dereva. "Nimemshusha mtu pale pale msikitini."

"Nani kaona?"

Kila mtu alikuwa amesikia kishindo, akageuka, akakuta mambo yamekwisha. Bajaji nayo haikuweza kutusaidia, maana ilikuwa imezunguka. Mama alipoulizwa alisema kweli yake: "Mie nilikuwa na droo mkononi. Nimesikia tu."

Nikasema, "Mimi nimeona."

Wote wakageuka. Fundi wetu akasema kwa fahari, kama vile mimi ni bidhaa ya karakana yake, "Huyu ni dokta. Wa chuo kikuu. Dokta wa fizikia."

Nikasimama mbele ya ile meza ya mama, nikiitazama barabara, nikanyoosha mkono. "Ilitokea mkono wangu wa kushoto," nilisema. "Kule kwenye kituo cha mafuta. Nimeiona kwa macho yangu."

Dereva alinitazama. Hakufoka. Alisema tu, "Mama, labda umeona vingine."

"Sijaona vingine," nikamjibu.

* * *

Hakuna aliyetaka trafiki aitwe. Jumatatu yake jioni tukakutana kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kulekule Keko. Mwenyekiti wa mtaa ni mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini inayowafanya watu wanyamaze ili waisikie. Alimsikiliza mzee, akamsikiliza dereva, akamsikiliza mwenye kabati, mteja aliyekuwa akipelekewa. Kisha akaniuliza mimi, na alivyouliza ilionekana wazi kwamba yale mengine yote yalikuwa utangulizi.

Nilieleza kama ninavyoeleza darasani. Mahali nilipokuwa, mwanga ulivyokuwa, kwamba hakuna kilichonizuia kuona. Niliongea vizuri. Nilimwona mwenyekiti akiitikia kwa kichwa.

"Dokta, una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi," alisema mwenyekiti, "mtu wa sayansi akiwa na hakika, sie wengine tuna nini cha kuongeza?"

Uamuzi ukatoka kwamba dereva ndiye mwenye kosa, alipie kabati na matibabu ya mzee. Tajiri wake, yaani mwenye bajaji, alikuwa amekaa kwenye kona muda wote. Tulipotoka nje alinyoosha kiganja na yule kijana akamwekea ufunguo. Hivyo tu. Halafu akaondoka kwa miguu.

Nilirudi Mbagala nikiwa nimeridhika. Nakumbuka hilo vizuri kuliko mengine. Nilijiona nimefanya jambo la raia mwema: nimeona, nimesema, haki imetendeka.

Usiku ule wakati wa chakula mama alinichokoza. Huwa anapenda kunichokoza kuhusu kazi yangu, na mimi napenda achokoze, kwa sababu maswali yake ni ya mtu asiyeogopa kuonekana hajui.

"Nyie watu wa sayansi," alisema, "mnasema kweli ni ipi?"

"Ni ile inayobaki kuwa kweli hata wewe usipoitaka."

"Na mnaijuaje?"

"Tunapima. Anapima huyu, anapima yule, wakikubaliana tunasogea."

"Na akiwa amepima mmoja tu?"

Nilikuwa natoa mwiba wa samaki mdomoni. Nikasema hapo tunasubiri wa pili. Mama akaendelea kula. Hakuwa na maana yoyote, nilimuuliza baadaye akaniapia. Alikuwa anapiga soga tu. Nami sikulifikiria tena.

Meza ililetwa Jumatano, droo imerekebishwa. Tuliiweka chumbani kwa mama, mkabala na dirisha linalotazama njia ya mtaani kwetu, na alasiri ile nilikuwa nimekaa kwenye kistuli nikimpangia vitu vyake: wanja, mafuta ya nazi, chupa za manukato ambazo hazina kitu ila hataki zitupwe. Mama alikuwa kitandani ananielekeza. Nje kukapita muuza vyombo vya plastiki, yule anayefunga mabeseni na ndoo na mafagio kwenye baiskeli mpaka haonekani mwenyewe.

"Mwite," mama akasema. "Nataka beseni la kutawadhia."

Nilikuwa nimemwona kwenye kioo, anasukuma baiskeli yake kutoka kushoto kwenda kulia. Nikainuka, nikageuka, nikaenda dirishani nikaangalia upande wa kulia, ambako nilijua ameelekea. Hayupo. Njia tupu, kuku wawili. Nikageuza kichwa na yeye alikuwa anaishia kule kushoto, karibu na kona.

Mama alimwita mwenyewe. Sauti yake ni kubwa kuliko yangu. Muuza vyombo akarudi. Mama akachagua beseni, wakapatana kupitia nondo za dirisha, na mimi nilikuwa bado nimesimama pale pale.

"Una nini?" mama akaniuliza.

"Mama, Jumamosi kule Keko, ajali inatokea mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umekaa hapo." Akaonyesha kistuli.

"Nikitazama wapi?"

"Sasa mtu akikaa kwenye meza ya kioo anatazama wapi?"

Sikuwa nimeitazama barabara hata kidogo. Nilikuwa nimeipa mgongo. Yote niliyoyaona, makochi, mkokoteni, bajaji ya bluu, niliyaona ndani ya kioo cha meza. Bajaji ilitokea mkono wangu wa kushoto, hilo ni kweli tupu, nilipokuwa nimekaa nimeupa ukuta uso. Mkono ule wa kushoto ulikuwa upande wa msikiti. Halafu nikasimama, nikageuka, nikakimbia, na mkono wangu wa kushoto ukageuka pamoja nami ukawa upande wa kituo cha mafuta. Nikanyoosha mkono huohuo nikasema, ilitokea huku.

Kilichonishtua zaidi si kukosea. Nimekosea mara nyingi, kazi yangu ni kukosea kwenye karatasi mpaka karatasi ikubali. Kilichonishtua ni kwamba kioo hakikuwemo tena kichwani mwangu. Nilipokuwa naikumbuka ajali ile niliiona barabara mbele yangu, wazi, na jua usoni. Hapakuwa na fremu ya mninga wala uso wangu mwenyewe katikati. Akili ilikuwa imekitoa kioo, ikakaa kimya, ikaniachia picha safi. Na mimi ambaye hula mkate wangu kwa kuuliza mwanga umepita wapi kabla ya kufika jichoni, sikuuliza.

"Mama," nikasema, "nimemsingizia mtu."

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka beseni chini.

"Basi vaa viatu," akasema.

* * *

Sikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Nilikwenda kwanza kwa fundi, kwa sababu nilishakuwa na hakika mara moja na hakika hiyo ilikuwa imempokonya mtu kazi. Safari hii nilitaka kupima. Nilimwomba atoe meza nyingine ya kioo aiegemeze kwenye ukuta uleule, palepale. Alikuwa na moja ambayo haijapigwa msasa. Nikakaa kwenye ndoo, maana kistuli chake hakijatengenezwa, nikamwambia asimame nyuma yangu akitazama barabara.

"Nikikwambia naona kitu, wewe sema kinatokea upande gani."

"Sawa dokta."

Ikaja pikipiki kwenye kioo. "Kushoto kwangu!"

"Msikitini!"

Ikaja pikapu. "Kushoto!"

"Msikitini!"

Likaja gari dogo upande wa pili wa barabara. "Kulia!"

"Kituo cha mafuta!"

Watu walianza kukusanyika, kama kawaida ya Keko. Nafanya hesabu tangu nikiwa msichana, na sidhani kama nimewahi kufanya jaribio lililoupa moyo wangu mapigo kama lile, la ndoo na meza isiyopigwa msasa. Msaidizi wa fundi alikimbia kumwita mwenyekiti. Yule mzee wa mkokoteni akaja naye, kiwiko kimefungwa kitambaa.

Nilimweleza mwenyekiti mbele ya wote. Nilisema: nilichoona nilikiona kwenye kioo, nikageuka bila kukumbuka kwamba nimegeuka, na ushahidi wangu wa Jumatatu ulikuwa kinyume. Bajaji ilitokea msikitini. Ilikuwa njia yake.

Mwenyekiti alininyanyua kwenye ndoo, akakaa yeye. Alitazama kioo muda. Gari likapita, akasema "kushoto," akageuza mwili wake wote pale kwenye ndoo kuangalia, akarudi kwenye kioo, akageuka tena. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini kama sauti yake.

"Kumbe kioo kimekudanganya dokta."

"Hapana, mama mwenyekiti. Kioo kilisema kweli. Mie ndiye niliyegeuka."

Hapo mzee wa mkokoteni akakohoa. Akasema, bila mtu kumuuliza, kwamba yeye kwa kweli hakutazama upande wowote. Kabati lilikuwa limemziba, naye alikuwa anamwangalia mwenzake aliyebaki nyuma akimpigia kelele kuhusu kamba. "Nilinyamaza Jumatatu," alisema, "kwa sababu dokta alikuwa ameshasema. Nikaona labda ndivyo ilivyokuwa."

Tukampigia simu dereva. Alikuja kwa miguu, alikuwa anashinda kijiweni kwa wenzake akiwasaidia kuosha bajaji zao. Alinisalimia, "Shikamoo mama," kama vile hakuna kitu kati yetu. Nilimwitikia, nikamwomba radhi. Nilijiandaa kwa maneno makali, nilikuwa nastahili. Alichosema sikukitegemea.

"Mie sikukukasirikia, mama. Nilianza kujitilia shaka mwenyewe. Nikalala najiuliza, hivi kweli nilitokea msikitini? Au nilimshusha yule mtu halafu nikazunguka? Jana nilikwenda kusimama pale msikitini nijaribu kukumbuka. Nikashindwa. Nikasema dokta kaona, basi mie ndiye sikumbuki vizuri."

Maneno hayo yamenikaa kuliko yote. Kusema uongo bila kukusudia ni kosa dogo, linarekebishika. Lakini uzito wa jina langu ulikuwa umeingia kichwani mwa mtu mwingine ukaanza kuhamisha alichokiona yeye mwenyewe. Angebaki hivyo hivyo wiki chache zaidi, angeweza kuapa pamoja nami kwamba alitokea kituo cha mafuta, na tungekuwa mashahidi wawili tunaokubaliana vizuri kabisa juu ya jambo ambalo halikutokea.

Mwenyekiti alimpigia simu tajiri wa bajaji hapohapo, akamweleza kwa sauti ile ile. Kabla ya magharibi ufunguo ulikuwa umerudi. Kabati halikuwa na kesi tena. Fundi wetu na fundi jirani walikubaliana walitengeneze pamoja, huyu atoe mbao yule atoe kazi, na mwenye kabati hakuwa mkali alipoona mlango mpya ni mzuri kuliko ule wa kwanza. Siku ya kulipeleka, fundi aliniambia, mzee aliusukuma mkokoteni na dereva akatangulia na bajaji taratibu mbele yake, taa zinawaka, kama msafara wa harusi. Vijana walewale waliopiga kelele za "kinyume" walipiga vigelegele.

* * *

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini kisa hiki, kila nikikikumbuka, hakinipi aibu ya muda mrefu. Aibu ilikuwepo, siku mbili tatu. Baada yake kikaja kitu kingine ambacho sina jina zuri la kukiita isipokuwa furaha.

Wako watu, na baadhi yao ni wasomi kunizidi, wanaosema kwamba ukweli ni makubaliano tu. Wenye nguvu wakikubaliana, huo ndio ukweli. Nilipokuwa kijana mjadala huo ulininyima usingizi. Sasa nina jibu langu dogo. Jumatatu ile pale ofisini tulikubaliana wote. Mwenyekiti alikubali, mzee alikubali, mimi nilikuwa na hakika, na mwishowe hata dereva alikuwa anaelekea kukubali. Lakini bajaji ilikuwa imetokea msikitini. Ilibaki imetokea msikitini Jumatatu usiku, Jumanne yote, mpaka tulipokwenda na ndoo kuiuliza. Haikutuhitaji. Kwangu mimi hilo ni jambo la kufariji mno, kwamba kuna kitu nje ya vichwa vyetu kisichopokea amri kutoka kwa dokta yeyote, na ambacho, ukikiuliza kwa adabu, kinakujibu.

Mama alilitazama kwa njia yake. Tulikuwa tunakunywa kahawa barazani, akaniambia, "Kwa hiyo nyie kila mnachosema mnaweza kukibadilisha kesho?"

"Tukioneshwa sababu, ndiyo."

"Sasa mtu atashika nini?"

Nilimwambia si kila kitu kinabadilika sawa. Mambo yaliyopimwa na watu wengi, kwa njia nyingi, kwa muda mrefu, hayo yamekita. Kwamba dunia inalizunguka jua hakuna atakayekuja kutugeuza. Lakini yale mapya, yale aliyoyaona mtu mmoja kutoka kwenye kistuli kimoja, hayo tunayashika kwa vidole, hatuyashiki kwa ngumi.

"Na Mungu?" akauliza.

"Mungu simpimi, mama."

"Vizuri," akasema, akanimiminia nyingine. Hatujawahi kugombana juu ya hilo, na siku ile nilijua hatutagombana. Yeye ana hakika zake ambazo hazitoki kwenye vipimo, mimi nina zangu zinazotoka humo, na chini ya paa letu zinakaa bila kukanyagana.

Darasani nimebadilika kidogo. Zamani nilipokuwa natatua mlinganyo ubaoni, nilikuwa naufuta upande niliokosea haraka kabla wanafunzi hawajaunakili. Siku hizi nauacha. Nauzungushia mstari, nawaambia wautazame, waniambie niligeukia wapi. Mwanzoni waliogopa. Sasa wanashindana. Kuna msichana mmoja kutoka Mabibo, anakaa safu ya nyuma, juzi alinyoosha mkono na kusema, "Dokta, hiyo alama ya kutoa imekufa mstari wa tatu." Alikuwa sahihi. Darasa zima lilicheka nami nikacheka, tukaifufua alama, na jibu likatoka zuri.

Yule dereva na mimi tumekuwa watu wa kusalimiana. Nikiwa na shughuli Keko au Chang'ombe humpigia anipeleke. Mwezi uliopita alinibeba nikitoka kumnunulia mama kitambaa cha kufunika meza yake, na kwenye foleni akanigeukia, akaniuliza swali ambalo inaonekana alikuwa nalo siku nyingi.

"Hivi mama, hizo hesabu zako za nyota. Kule juu hakuna msikiti wala kituo cha mafuta. Ukikosea nani anakuja kukwambia?"

"Wenzangu. Nikishaandika wanaisoma, wanatafuta nilipokosea. Wakikuta wanaandika na wao, dunia nzima inasoma."

"Wanakutangaza?"

"Wananitangaza."

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nikiona wamepatia, nawashukuru."

Alilifikiria hilo huku akisogea nafasi ndogo iliyofunguka mbele yetu. Nyuma yetu lori likapiga honi ndefu, na bodaboda aliyepita ubavuni akamtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Sie kazi yetu nyepesi basi," alisema. "Mie nikikosea wananiambia hapohapo."

Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga paa la turubai. Akanyoosha mkono, akanishushia pazia la upande wangu, tukaendelea kusubiri foleni isogee.